Mama Tekla Ampokea Mwana wa Filamu

Dada Felista,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Lituhi, nimekaa mchangani, moyo umejaa shukrani.

Filamu yetu fupi, ya kijana anayerudi kwao kutoka machimbo ya vito Tunduru, nusura itushinde. Kanda ilitakiwa kuondoka leo na basi la mchana kwenda mashindanoni, na Stella, aliyekuwa aigize mama, akaamka na malaria. Nikamwendea Mama Tekla aliyekuwa akianika dagaa wa usipa ufukweni, nikamwomba ampokee "mwanawe" akishuka mtumbwini. Akakubali huku akicheka. Tukamfundisha maneno.

Rafiki yetu Faustini, aliyeigiza kijana huyo, aliposhuka, mama aliyasahau yote. Akamshika mashavu, akamtazama sana. "Umekonda, baba. Huko mlikuwa mnakula nini?" Akamkalisha, akamletea ugali na usipa. Faustini akalia machozi ya kweli, na sisi nyuma ya kamera vilevile.

Tulipomaliza ndipo akatuambia kuwa mwanawe wa kwanza yuko Tunduru, na hajapata habari zake tangu masika. Nikaona tumemtonesha, nikamwomba radhi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mmenipa mazoezi. Akija, sitababaika."

Kanda imewahi basi, Stella ameanza kunywa uji, na mama amekataa tuondoke kabla ya kula. Wabusu wanao kwa niaba yangu, na Mungu awatunze hadi tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Veronika