Sponji Iliyooshwa kwa Maji ya Bomba

Tarehe 3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na dawa unazimeza, si kuzipanga dirishani kama mapambo. Mimi mzima, kiasi.

Mume wangu kaleta tangi la samaki la lita mia mbili, kaliweka sebuleni palipokuwa na cherehani yangu. Samaki kumi na wawili, wekundu. Filta ya kuchujia maji kaniachia nichague na nifunge mwenyewe, eti binti wa mtu wa maji lazima ajue maji. Muuza samaki ana aina tatu: ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, ya kuning'inia ukingoni, na ya kopo, inayokaa chini ya meza na mipira miwili ya kupitishia maji. Nichukue ipi? Jibu upesi. Amesema akifa hata mmoja nitamtambua yeye ni nani. Alisema akicheka, lakini alikuwa amenishika taya, na alama za vidole bado zipo.

Binti yako

Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni wa mzee, lakini nakula na nalala, nashukuru.

Ya pampu ya hewa itawakoromea kutwa nzima, achana nayo. Ya kuning'inia ni ya tangi dogo. Chukua ya kopo, yenye uwezo wa lita mia nane kwa saa, ili maji yote yazunguke mara nne. Ndani panga sponji ya matundu makubwa ianze kukutana na maji, kisha ya matundu madogo, juu yake vile vipande vya udongo wa kuchomwa vinavyouzwa pamoja nayo. Kopo likae chini kuliko tangi. Lijaze maji mpaka hewa yote itoke ndipo uwashe umeme, la sivyo utaunguza pampu.

Kila Jumapili toa kila kitu uoshe kwa maji ya bomba yanayotiririka, mpaka yatoke meupe. Nimewatilia watu klorini kwenye maji yao miaka thelathini na moja, na nakuhakikishia hakuna kidudu kinachopona.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie nimefurahi kusikia anapenda viumbe.

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za mgongo? Nisamehe mwandiko, natumia mkono wa kushoto.

Niliosha Jumapili mbili kama ulivyosema. Hata vile vipande vya udongo nilivisugua vikang'aa. Jumatano maji yakaingia ukungu, samaki wakapanda juu kuhema, na hadi Ijumaa saba walikuwa wamekufa. Muuza samaki alinisikiliza akashika kichwa. Kumbe ndani ya sponji mnaishi vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, na klorini yenu imevimaliza. Sponji huoshwa kwenye ndoo, kwa maji yaleyale ya tangi.

Mume wangu aliwapanga wale saba mezani, akachomoa mpira wa filta, akanipiga kwa hesabu, kila samaki na pigo lake. La nne nililikinga kwa mkono wa kulia, mfupa ukalia. La sita liliondoka na jino. Alipomaliza akanikabidhi mpira niurudishe mahali pake, maana watano waliobaki walihitaji maji safi.

La klorini sikulaumu, hukujua. Nakulaumu la taya. Ulilisoma ukaliruka.

Binti yako

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkono umefungwa? Unaweza kutafuna? Mimi siulizwi hali, sistahili.

Nililiona la taya. Nililisoma mara mbili. Nikajiambia hayo ni mambo ya ndoa, kwa sababu ndivyo nilivyowajibu wajomba zako walipokuja kuniuliza habari za mbavu za mama yako. Nilikuwa na mkono mwepesi, na wewe ulikuwa ukitazama. Naona aibu mpaka kalamu inanitoka.

Nakuja Jumamosi ijayo kukuchukua. Funga nguo tu.

Baba yako

Tarehe 13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nashukuru kwa kuuliza. Mkono umefungwa plasta, na natafuna upande mmoja.

Usije. Nitoke kwa mwanaume anayepiga nikaishi kwa mwanaume aliyepiga? Mama alitoka kwako na kandambili moja mguuni, umesahau?

Muuza samaki kanipa kipande cha sponji kutoka tangi lake mwenyewe, kikiwa na vijidudu vyake hai. Nimekitia ndani ya kopo na maji yameanza kutakata. Lakini leo asubuhi samaki mmoja anaogelea kiubavu. Akifa huyu nikainuliwa mkono tena, sitakinga uso. Nitashika chochote kilicho karibu. Nakwambia ili ujue, si ili uje.

Binti yako

Tarehe 29 Aprili, mahabusu

Mwanangu,

Hujambo huko kwa mama yako? Plasta inatolewa lini? Mimi mzima. Mgongo umeipenda sakafu kuliko godoro langu. Barua hii anatoka nayo mwenzangu anayeachiwa leo, askari hawaioni.

Ulitoka haraka hukuona yaliyofuata, kwa hiyo nakusimulia. Nilipoingia Jumamosi ile bila kubisha hodi, ulikuwa umekumbatia kopo la filta kwa plasta na mkono mzima, limejaa maji, na mkwe wangu yuko chini katikati ya vioo vya tangi, taya limekwenda upande, samaki wanarukaruka kifuani pake. Baada ya kukunyang'anya kopo na kukusukuma mlango wa nyuma, nililipangusa kwa shati langu, nikalishika vizuri kwa mikono miwili. Damu ilikuwa nyingi. Nilimgeuza ubavu asipaliwe. Nakiri nilitamani kumwongeza. Kisha nikakaa kwenye kiti nikawasubiri majirani.

Askari nimewaambia ni mimi. Nilichoogopa ni yeye kuzinduka akakutaja. Amezinduka. Taya limefungwa waya, hawezi kusema, wakampa karatasi. Kaandika kwamba ni baba mkwe, na kwamba nilikuja na wenzangu watatu. Yule yuko radhi apigwe na mtaa mzima kuliko watu wajue kaangushwa na mkewe mwenye plasta. Nilicheka mpaka nikakaripiwa. Kwa hiyo usije kituoni kusema ukweli. Nakuomba, na nakukataza.

Askari aliyechukua maelezo aliniuliza kama nimewahi kumpiga mtu kabla ya hapo. Nikasema ndiyo, mke wangu, miaka tisa, mbavu mbili na sikio moja. Akaweka kalamu chini, akasema hilo halihusu kesi hii. Nikamwambia aandike. Akakataa. Basi nimeliandika mimi, hapa. Ukimaliza kusoma, mpe mama yako.

Baba yako