Kidole Kisichofika Kwenye Uzi

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila sikio la kushoto limekwisha kufa na la kulia linaaga. Daktari kasema mwaka halimalizi. Usianze kulia, nimeyasikia ya kutosha duniani, mengi upuuzi. Nataka kimoja tu kabla halijafunga: ule mlio babu yako aliokuwa akiupiga akishaweka randa chini, vumbi la mbao bado kichwani. Gita ninalo. Kupiga alikufundisha wewe. Niambie vidole vinakaa wapi. Kalamu ni ya jirani yangu fundi cherehani, maneno ni yangu.

Bibi yako

19 Februari

Shikamoo bibi,

Mimi mzima, nafua mashuka ya hoteli kutwa. Mlio ule ni C. Hesabu vyumba, zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni, kuanzia kichwa cha gita. Kidole cha pete: uzi wa pili kutoka juu, chumba cha tatu. Cha kati: uzi wa tatu kutoka juu, chumba cha pili. Cha shahada: uzi wa pili kutoka chini, chumba cha kwanza. Ule mnene wa juu usiuguse. Kandamiza. Utaumia kidogo.

Mjukuu wako

8 Machi

Wewe,

Salamu baadaye, nina hasira. Vidole vimeota sugu, mlio umetoka, na siyo wenyewe! Wako umeshiba, umekaa kitako. Wa babu yako ulikuwa kama mtu aliyeitwa, akageuka, hajaitika. Fikiri vizuri, ujibu upesi. Jana muuza maziwa kapiga hodi mpaka akakata tamaa, nami nimekaa hatua mbili kutoka mlangoni.

Bibi yako

27 Julai

Shikamoo bibi,

Barua yako nimeilalia chini ya mto miezi minne. Sijashika gita tangu babu afariki na mimi nisije kumzika, nikaona haya kukwambia. Jana nimeazima la mlinzi wa hoteli. Bibi, kidole chake cha shahada! Kile kilichokatwa nusu na msumeno. Hakikufika kwenye uzi. Mimi mwenye vidole vyote nilidhani napiga kama yeye.

Kiinue hicho, vingine viache palepale. Wapigaji wanaita C meja seveni. Ndani yake mna noti ya saba: imebakiza nusu hatua ifike nyumbani, haiingii, inasimama kizingitini. Piga polepole. Bado unasikia?

Mjukuu wako

15 Agosti

Mume wangu,

Sisikii. Limefunga mwezi wa sita, barua yako fundi kanisomea kwa ishara za mikono. Usijipige kifua, kidole kile nilikifunga kitambaa mimi mwenyewe, damu mpaka viwikoni, na sikukikumbuka. Wajinga ni wawili.

Nimekiinua. Nikaegemeza kidevu kwenye mbao za gita, nikapiga. Mtetemo ukapanda mpaka kwenye meno, hayo machache. Lakini ndio wenyewe? Nitajuaje? Nikamtazama fundi, aliyeshona nyuma ya ukuta wetu miaka ishirini na sita akimsikia babu yako. Mguu umesimama juu ya kanyagio, nguo ya watu imening'inia. Hapa amegoma kuandika, nimemlazimisha. Mimi nisiyejua kusoma nikaisoma midomo yake: "Mzee."

Basi ndio wenyewe. Naupiga kila jioni, na chumba kimya kama tumbo la mtungi.

Njoo unisikilizie.

Bibi yako