Chai Kando ya Maporomoko

...na lile swali lako, dada Fadma, la kwa nini wakwe zangu wastaafu hunywa chai kando ya maporomoko kila alasiri, hata sasa majani yakipukutika, nimepata jibu. Nilidhani ni mahaba tu, nikamwambia Bassou wangu nasi tuzeeke hivyo.

Jana niliwafuata. Miti ya jozi imegeuka dhahabu, kilele kina theluji, maji yananguruma.

“Mbona umeganda, bi harusi? Keti,” mama mkwe, Mama Itto, alinipazia sauti. “Nyumbani mzee hanisikii. Hapa kila mtu hupayuka, hakuna kiziwi. Usimwambie mumeo, atatuhamishia ghorofani kwake Kasablanka.”

“Hilo nimelisikia,” baba mkwe akasema. “Huko nitatazama nini, kamba za nguo?”

Dada, kumficha Bassou siri hiyo nimeshindwa. Leo nimempeleka palepale. Amepayuka, baba akamjibu, wakacheka hadi chai ikapoa. Tukirudi hakuitaja Kasablanka. Aliuliza tu kama tuna birika kubwa zaidi.

Kabla mwezi haujaisha nitakuja kukuona, nawe usishtuke nikikusalimu kwa kelele.

Mdogo wako mwenye raha,
Izza