Mche Niliounyoosha

Mdogo wangu,

Daktari wa hapa Arua ameacha kunificha, basi na mimi niache kukuficha.

Vita vilipotutoa Koboko mwaka wa 1979, sisi watoto wa askari, tulivuka mpaka kuingia Zaire, tukashuka hadi msitu wa Ituri. Waefe, wawindaji wa msitu ule, wakatupokea kambini kwao. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti, wewe ulikuwa umetoroka shule. Lakini waliyempenda ni wewe. Ulijifunza kupanda miti kama wao, ukaanguka, ukajicheka kabla hawajakucheka. Mimi nilipopotea karibu kabisa na vibanda, mzee wa kambi alisema, "Mwalimu anasoma karatasi. Njia inamushinda." Walicheka wote, na wewe ulicheka kuwashinda.

Msimu wa asali ulipofika, uliona nyuki juu ya mti mkubwa. Ukakunja mche chini yake uwe alama, kama walivyokufundisha. Nilimuuliza mzee nani ataulinda. Akashangaa. "Mutu akikunja muti, asali iko yake. Tunachunga nini?" Akaongeza kwamba ukiigawa asali hiyo kwa kambi nzima, watakujengea kibanda katikati ya vibanda vyao. Mimi hakunitaja.

Asubuhi nilikwenda peke yangu nikaunyoosha ule mche.

Mwindaji mmoja akapita, hakuona alama, akaitoa asali. Ulimwita mwizi mbele ya mkewe na watoto. Waefe wale walipochukizwa hawakupigana wala kushtakiana, walihama. Kesho yake tulikuta vibanda vitupu, majivu bado yana moto. Ulilia kama siku tuliyomzika mama. Nikakwambia, "Achana nao, ni washenzi tu." Ukaingia msituni kuwafuata.

Nilirudi nyumbani bila wewe. Miaka ya tisini mfanyabiashara wa Koboko aliniambia amemwona Mkakwa mrefu, mtu wa kabila letu, akiishi na Waefe, mtu mzima sasa, ana mke na watoto. Ilinipasa kumshukuru Mungu. Badala yake nilijifungia ndani siku tatu, kwa wivu.

Waambie mwindaji yule hakuiba, na wewe hukumsingizia kwa makusudi. Ni mimi. Wakiuliza sababu, usinitetee.

Hapa Pajulu, nje kidogo ya Arua, nina nyumba ya matofali, na watu wananiamkia kwa heshima. Wivu haujaisha. Maisha yangu yote sijapata watu ambao, wakihama, ningewafuata.

Kaa nao salama.

Kaka yako mkubwa