Mkeka Uliokwenda Maonyesho kwa Jina Lako

Kwako Zuhura, mke mwenzangu,

Binti yako amekuja jana kutoka Nzega na mzigo uliofungwa kwa kanga. Kabla hajamaliza kuniamkia nilishajua ni ukili, maana harufu ya ukindu mkavu naijua kuliko harufu ya jiko langu. Nikaitikia marahaba huku nimeukodolea mzigo macho. Hata ukiwa kaburini unajua kunitafuta, mwanamke wewe.

Basi nimeona nikuandikie barua. Haitakufikia, lakini wapo watu wengi hapa Tabora waliousifu ule mkeka wa zamani, na hao nataka waisome.

Unaikumbuka siku afisa utamaduni alipoingia kwetu pale Cheyo? Alikuwa anazunguka mitaani akitafuta vitu vya maonyesho ya sanaa ya mkoa. Mkeka wetu wa maua ya zambarau ulikuwa umetandikwa barazani, na mimi ndiyo natoka jikoni na sinia la chai. Akauliza, "Ndugu, mkeka huu kazi ya nani?" Mume wetu, Mungu amrehemu, hakumeza hata mate. "Wa Zuhura huo," akasema. Niliweka sinia chini nikarudi jikoni kutafuta sukari, na sukari ilikuwa humo humo kwenye sinia.

Wa Zuhura! Ukili ulisuka wewe, sikatai. Mkono wako ulikuwa mwepesi, na maua yale uliyatoa kichwani mwako bila kuiga kwa mtu. Lakini ukili peke yake ni utepe mrefu tu uliokunjwa na kuwekwa pembeni. Nani aliuunganisha ukingo kwa ukingo, shazia, ile sindano ya mikeka, ikimtoboa vidole, mpaka watu wakaweza kuulalia? Na balaa la kazi yangu ni kwamba mshono ukiwa mbaya kila mtu anauona, ukiwa mzuri hakuna anayejua kama upo. Nilipomuuliza mume wetu baadaye kwa nini hakunitaja, alicheka. "Hayo nayo ya kununia, mama? Mkeka si wa nyumba nzima?"

Siku hizo kila kitu kilikuwa chetu. Shamba letu, duka letu, kijiji chetu. Katika ujamaa mimi niliwatangulia wengi, maana hata mume alikuwa wetu tangu ulipoletwa hapa. Lakini siku ya maonyesho kule makumbusho, ndani ya ile nyumba ya tembe ambamo misafara ya zamani ilikuwa ikipumzika, chini ya mkeka walibandika kikaratasi: Mkeka. Kazi ya Bi Zuhura. Nilikisoma mwenyewe. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima, na siku ile nilikijutia.

Tulivaa sare, kanga alizotununulia mume wetu madukani Kanyenye ili pasiwe na maneno. Maneno hayakuwapo, ila watu wote walikuzunguka wewe. Walipita ngoma, wakapita vigoda na vyungu, wakaja kusimama kwenye maua yako. Mama mmoja mwenye miwani akakushika mkono: "Mwanangu, haya ulijifunza wapi?" Ukanitafuta kwa macho, ukanivuta kanga mpaka nikawa mbele yake. "Tuko wawili, mama. Mimi nasuka, dada ndiye anayeshona." Yule mama akanitazama mara moja, akarudi kwako. "Kushona kila mtu anashona. Mimi nasema haya maua."

Nilikuchukia pale, Zuhura. Ungenyamaza ningepata pa kuanzia ugomvi. Ukanisemea mbele za watu, nikakosa hata cha kukulaumu, nikabaki na wivu wangu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wewe ukizungumza njia nzima, mimi nikiitikia "ee."

Mume wetu alipofariki ukarudi kwenu Nzega, nami nikasema sasa nitapumua. Sikupumua. Nilijaribu kusuka ukili wangu mwenyewe, ukatoka umepinda, nikaukatia kuku viota. Nikajaribu kushona ukili wa wengine, lakini kingo zao hazikukaa mkononi kama zako. Na tangu ulipofariki, nyumba imepoa kabisa. Sina hata mtu wa kumwonea wivu.

Jana binti yako alifungua kanga, akaweka ukili mbele yangu. Mpya, wa maua meusi, mrefu wa kutosha mkeka mkubwa, haujaguswa na shazia. Nikamuuliza kwa nini mama yake hakuushona. Akainama akicheka. "Mama mkubwa, alisema kushona hawezi, na mwingine asiushike. Alisema, 'Mpelekee dada. Atanuna, lakini atashona.'" Akaongeza kwamba maonyesho ya mkoa yanarudi, na mkeka wako umeshaulizwa.

Umeshaulizwa! Mkeka wako! Nimeukagua ukili wote nikitafuta kosa, na sikuliona. Ulikuwa mgonjwa, macho yamechoka, na ua la mwisho limekaa kama la kwanza. Nililia, kisha nikanuna, kama ulivyosema.

Leo asubuhi nimekwenda Kanyenye kununua uzi. Unajua zamani nilikuwa nikichagua uzi wa rangi ya ukindu ili upotee kabisa. Leo nimechukua mwekundu. Mwenye duka amenionya kwamba utaonekana, nikamwambia ndiyo maana nimeutaka. Nimeshamaliza mzunguko wa kwanza, unaonekana tangu mlangoni, unabishana na maua yako kila shubiri, na sitaufumua. Safari hii wakija kukutazama wewe, watanikuta na mimi nimekukumbatia kila upande.

Pumzika, Zuhura. Nimenuna, na nashona.

Ni mimi, bi mkubwa wako.