Sijalazwa, Mama, Nimechaguliwa

Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaketi kuisoma hii, funga mlango, vaa miwani, na Mjomba Chilongani akiuliza kuna nini ndani ya mfuko mwambie ni dagaa tu. Dagaa wapo kweli, barua nimeificha chini yao, kwa hiyo nisamehe harufu. Mgongo umepoa? Karanga zimekubali na mvua hii ya kusuasua? Mimi huku ni mzima. Narudia kwa sababu najua hapo Mlali wapo wanaobisha: mimi ni mzima, mwili na kichwa.

Simu ndiyo iliyotuponza. Nilipiga nikupe habari njema, Mjomba akapokea, akaweka spika kama kawaida yake ili jirani wasipitwe. Nikasema, "Nimepata nafasi hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, nitakaa miaka mitatu," mtandao ukakata. Basi. Nasikia kufika jioni nilikuwa nimeshalazwa, nimefungwa kamba na nimemng'ata nesi. Jumapili Mchungaji akaniombea kwa jina. Shangazi Matika naye akatuma mizizi kwa dereva wa basi, na maagizo kwamba ninuse asubuhi kabla sijasema na mtu. Mwambie imefika, ahsante. Nilinusa, nikapiga chafya mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama niko sawa.

Wewe nilipokupata peke yako ulielewa upesi kuliko wote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Uliniuliza, "Kumbe huumwi? Unakwenda kule kwa hiari yako?" Kisha ukasema, "Nyemo mwanangu, ungekuwa unaumwa ningejua la kuwaambia watu."

Nimecheka, Mama, lakini pia imenichoma. Ndiyo maana naandika.

Mambo yako hivi. Mwaka wangu wa mazoezi hospitalini unaisha, na sasa natakiwa nisomee ubingwa. Wewe ulitaka macho, kwa sababu ya macho yako. Mjomba alitaka mifupa, kwa sababu ya pikipiki yake. Mimi nimechagua akili. Vyuo viwili vimenikubali, kimoja hukuhuku ziwani, kingine nyumbani Dodoma. Na wewe, ambaye tangu nitoke nyumbani unamaliza kila simu kwa "utarudi lini?", sasa unasema kama ni lazima nitibu vichaa basi nibaki hukohuko kwa Wasukuma, ambako hatujulikani.

Sababu naijua. Hospitali ile sisi watu wa Dodoma hatulitaji jina lake mpaka tugombane. Mtu akikosea chenji pale sokoni Majengo anaambiwa walimtoa mapema. Unaogopa ukipeleka karanga zako sokoni waseme, "Huyu ndiye mama wa yule anayeingia kule kila asubuhi." Umeuliza pia nani atanioa. Mama, hapa kuna daktari wa meno, dada mzuri, mwaka wa ngapi huu anatibu watu wenye akili timamu na hakuna hata mmoja aliyemchumbia.

Sasa nikusimulie usaili wa Dodoma, maana karibu niharibu kila kitu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ulifanyika kwa video. Nilivaa shati la kuazima na chini nikavaa kanga, maana kamera haifiki huko. Wazee watatu wakatokea kwenye kioo cha kompyuta, na katikati alikuwa mama mmoja wa makamo, mkali wa macho, akajitambulisha kuwa ni Profesa Kikoti.

Nikafurahi. Kikoti ni Mhehe, nikasema moyoni, kama Mama Kikoti jirani yetu, mtani wetu. Leo niko kwa watu.

Akapitia karatasi zangu, akasema, "Unatoka Mlali, Kongwa. Mgogo." Nikasema ndiyo. Akavua miwani. "Huko Mwanza umeshapata nafasi. Sasa kwetu unaomba nini?"

Unaomba. Mhehe anamwambia Mgogo, hadharani, unaomba nini. Mama, wewe ungenyamaza? Nikajua amenichokoza kwa makusudi, anataka aone kama nimelelewa. Nikajibu, "Naomba mbwa wetu, Profesa. Alipotea njia ya Iringa, na tumesikia jioni ile kwenu kulikuwa na mchuzi."

Mzee wa kushoto akaanza kuandika. Profesa akavaa miwani tena, akasema taratibu, "Daktari, mimi ni Mpare wa Same. Kikoti ni mume wangu."

Kila siku umeme huku unakatika ninapopiga pasi. Siku hiyo ulikaa. Niliomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na nadhani kidogo kwa Kigogo. Nikaeleza utani, kwamba sisi na Wahehe tulipigana zamani mpaka tukachoka, tukabaki na kutukanana, wao wakituita ombaomba, sisi tukiwaita wala mbwa. Akanisikiliza bila kutabasamu. Kisha akauliza, "Tuseme mgonjwa mpya ameletwa wodini. Hamjuani. Anakudai mbwa. Utaandika nini kwenye faili?"

Nikasema, "Sitaandika kitu, Profesa. Kwanza nitamuuliza kabila lake, na nitamtajia langu."

Mzee wa kushoto aliacha kuandika, akacheka mpaka kompyuta yake ikaanguka, tukabaki tunaangalia dari. Profesa hakucheka. Alisema tu, "Siku ya kumzika baba mkwe wangu, Wagogo waliingia kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe pombe. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya. Nilitaka kuita polisi." Akainama, akaandika kitu. Majibu yakatoka: nimechaguliwa.

Lakini Mama, alipotaja kaburi, sikumwona tena yeye. Nilikuona wewe.

Baba alipofariki, watu walipoondoka matanga, uligeukia ukuta. Hukupika, hukusema, hukulia. Shangazi alisema umerogwa. Mchungaji alisema imani imepungua. Mjomba alisema utazoea. Mimi nilikuletea uji na kuurudisha jikoni, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, nikidhani nimezika wawili. Mama Kikoti alikuwa kwao Iringa, msiba ukampita. Aliporudi hakubisha hodi. Alichukua koti la Baba pale msumarini, akalivaa, akaingia chumbani akichechemea kama yeye na kukohoa kikohozi chake, akasema, "Mke wangu, nimetoka ahera kwa miguu, hata mlenda hakuna? Ndiyo maana nilikufa."

Uligeuka. Ukacheka. Halafu ukalia kwa sauti, kilio ambacho nyumba nzima ilikuwa inakisubiri. Kisha ukaomba maji.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nimesoma vitabu vinene tangu siku ile, na bado huyo ndiye daktari wa akili bora niliyemwona kazini. Ila alikuja kwa sababu alikuwa na nauli na basi halikuharibika. Wangapi hapo kwetu wamegeukia ukuta na hawana mtani wa kuwavalia koti? Wewe hukuwa kichaa, Mama. Uliumwa, na wote tuliona aibu kusema hivyo. Watu walio ndani ya geti la hospitali ile ni wa namna hiyohiyo, na wengi wao ni wa kwetu, wanatukana kwa lugha yetu. Daktari asiyeijua ataandika upuuzi kwenye faili.

Kwa hiyo Mwanza nimewaambia ahsante. Dodoma nimewajibu nakuja. Ruhusa sikukuomba kwa sababu ungeninyima, na ningekwenda hivyohivyo, tukakosana bure.

Msalimie Shangazi Matika, mizizi imebaki kidogo, namrudishia. Mchungaji mwambie asisimamishe maombi, abadilishe tu sababu. Mjomba msalimie siku ambayo simu yake haina chaji. Mama Kikoti msalimie sana, umwambie mbwa hajaonekana na tunamshuku yeye.

Na sasa nakuja kwenye lile ninaloomba, maana mimi ni Mgogo na kuomba siachi. Siku ya kuripoti naomba uje Dodoma. Uvae ile kanga yako ya Krismasi, unishike mkono, twende wote mpaka kwenye lile geti, mchana, wakati watu wa sokoni wanapita. Wakiuliza ni nani kati yetu anayelazwa, waache wachague wenyewe.

Mwanao,
Nyemo