Hakukuwa na Kiazi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kipyegon, mkulima wa hapa Keringet, amenipigia asubuhi. Ng'ombe wake anadondosha mate, hali, hanywi. Kiazi kimekwama kooni, akasema. Msimu wa kuvuna ndio kazi yangu hiyo – watatu wiki jana! Nimefika na pikipiki nikakuta mkewe, Jerop, ameshaingiza mkono kooni mwa ng'ombe hadi kiwiko. Kidole chake kilikatwa na kisu, amekifunga kitambaa. Glavu zangu zilikuwa chini kabisa ya begi. Nikaona uvivu, nikaingiza mkono mtupu. Hakuna kiazi. Nimeacha dawa ya koo, nikaondoka.

Jumatano, 16 Julai
Kipyegon tena. Ng'ombe amelia usiku kucha, sauti inakwaruza, na asubuhi amevunja mlango wa boma kwa pembe. Nikauliza kama aliwahi kung'atwa na mbwa. Ndiyo, wa jirani, mwezi wa tano. Walimuua huyo mbwa, wakasahau.

Kichaa cha mbwa. Na mimi daktari wa mifugo miaka kumi na moja!

Nimewaambia wasimguse, wasimchinje, Jerop aende kuchanjwa leo leo. Kipyegon akacheka kidogo. "Daktari, juzi ulisema ni koo. Leo ni mbwa. Kesho utasema nini?" Daktari wa serikali angesikizwa. Mimi nimejiajiri, sina wa kumtisha naye. Nimepigia ofisi ya mifugo: mkubwa yuko semina, nitume email.

Alhamisi, 17 Julai
Nilipita kwao alfajiri nimbebe Jerop. Alishatoka na sweta. Kipyegon akamrudisha: wachimbaji wa viazi wamefika, nani atawapikia? Jerop hakubisha, akaniambia samahani. Nimeenda Nakuru peke yangu, nimedungwa sindano ya kwanza. Naona haya. Na naogopa.

Ijumaa, 18 Julai
Kipyegon amepiga mwenyewe, sauti tamu kabisa. Wamechinja asubuhi, kabla ng'ombe hajafa bure. Hana kinyongo na mimi. "Mtu hukosea, daktari. Tumekuwekea maini." Nikauliza kichwa kiko wapi, maana ugonjwa huu hukaa ubongoni. Jerop anakipasua, anasema, watu wa supu wamekuja wengi.

Nimemwambia ampe Jerop simu sasa hivi, aache kila kitu.

"Ngoja kwanza amalize, daktari, mikono imejaa damu."

Nasubiri, simu begani, naandika. Huko shoka linaendelea.